Mwaka Bi Arafa Alipokula Udongo

Tulipomzika Bi Arafa, wanawake waliokuja matangani walinikodolea macho kama wanaomtazama paka anamlilia panya. Mie nililia, sikufichi. Nililia mpaka jirani wa ng'ambo ya ukuta akatoa ndoo nje akidhani mvua imeanza. Wakawa wananong'onana, na masikio yangu ndo kitu pekee mwilini mwangu kilichokataa kuzeeka: ati huyu anamlilia mke mwenza, si afadhali angepiga vigelegele kimoyomoyo akatulia. Mmoja wao, mjukuu wa kaka yake Arafa, msichana mnene, mzuri wa haja, akanisogelea na sinia la kahawa. Akaniuliza kama kweli bibi yake alikatwa utumbo zamani ili akonde, maana na yeye anataka kwenda kukatwa, keshaona picha kwenye simu. Nikamwambia kaa kitako, mwanangu, nikupe habari ya mwaka mmoja tu. Nani kanizaa na wapi nimechezea mchanga, hayo yaache, hayatokusaidia. Nakupa mwaka ule wa foleni za mchele, Michenzani majumba yanapanda, na mie ni mke mdogo wa Faki seremala. Nina mwili, nina meno yote, na nina wivu ambao lau ungepimwa kwa pishi ungejaza ghala la karafuu na mwengine ukamwagika njiani.

Tulikaa Mkunazini, juu, katika nyumba ya mawe ambayo ngazi zake zinapandwa kama mtu anaparamia mnazi. Chumba cha Bi Arafa kilikuwa cha mbele, kina madirisha yanayotazama njia, kina upepo, kina kitanda cha samadari chenye vioo ambavyo ukijitazama unajiona mara nne na zote umependeza. Changu kilikuwa cha nyuma, kinatazama ua na tangi la maji, na upepo wake ulikuwa ni moshi wa jikoni. Yeye mke mkubwa, mie mdogo, na Faki akigawa siku zake baina yetu kama sharia ilivyosema, kwangu kisha kwake, kwake kisha kwangu. Mtoto hakuna aliyepata, si yeye wala mie. Na Faki alikuwa keshasema, kwa ulimi wake mbele ya watu barazani, kuwa atakayetangulia kumzalia atakaa chumba cha mbele mpaka afe. Basi wewe fikiri mwenyewe. Mie kila nikipita mlango ule nikiupima kwa macho, nikijua kabati langu litakaa wapi.

Na huyo Bi Arafa, kabla hajenda Ulaya, alikuwa mwanamke mwenyewe. Akikaa kitandani, kitanda kinatoa shahada. Akipita njia ya Mkunazini, wengine tunasubiri kama gari inapita. Faki alikuwa anaringa naye, maana wakati ule mke mwembamba alikuwa aibu ya mumewe, watu husema hamlishi. Lakini magoti yakaanza kumkataa, na kifua kikawa kinapiga filimbi kila akipanda zile ngazi. Alipumzika katikati akakaa, nami nikamkuta hapo nikaruka juu na ndoo yangu ya maji ili aone namna ninavyoruka. Kaka yake alikuwa mpishi wa meli, anakaa bandari moja ya Ulaya huko. Akampigania akapata kibali cha kutoka, jambo ambalo siku zile lilikuwa zito kuliko Arafa mwenyewe, akamchukua akatibiwe. Mie nikabaki na Faki peke yangu. Ah, miezi ile. Nilipika mpaka ukuta wa jikoni ukanenepa.

Halafu karudi. Tulikuwa tumekwenda kumpokea bandarini. Akashuka mwanamke mmoja ndani ya buibui linalompwaya kama tanga lililokosa upepo, akamwamkia Faki, na Faki akamjibu vizuri tu, kisha akachungulia nyuma yake akimtafuta mkewe. Wallahi hakumjua. Arafa akacheka na hapo ndo tukamjua, kwa kile kicheko. Njiani akatueleza kuwa madaktari walimpasua, wakaukata utumbo, wakaunganisha wa juu na wa chini, na kipande kikubwa cha katikati wakakiacha humo humo ndani hakina kazi, ili chakula kipite njia ya mkato asikinenepee. Alikuja na chupa kubwa ya vidonge vya rangi kama mkufu wa shanga. Kaka yake kamwambia ameze kila siku maisha yake yote. Basi alimeza. Chupa ilipokwisha, kaka yuko baharini haijulikani wapi, na Arafa mwenyewe akasema yeye keshapona, mtu mzima hanywi dawa. Sote tukaona kasema kweli. Chupa ile nikaiosha nikatilia chumvi.

Mie nilidhani nimeshinda. Mnene kaondoka na unene wake, sasa mnene ni mimi, Faki atamtaka nani. Nikaanza na kula, nakula muhogo asubuhi, muhogo mchana, mchele ukipatikana baada ya kusimama foleni tangu alfajiri nauchanganya na nazi mbili. Lakini, mwanangu, dunia ina vituko. Arafa akaanza kuwa mweupe. Si mweupe wa kujipaka, mweupe wa ndani, midomo na viganja na uso, anang'ara kama sahani ya kaure. Wanawake wa mtaa wakija kumwamkia wanamgusa shavu wakisema Ulaya imemtakatisha, Bi Arafa katoka kama mwali. Mie nikasaga liwa nikajipaka mpaka nikapukutika unga njiani, watoto wa skuli wakawa wananifuata wakidhani nauza kashata. Sikuwa mweupe, nilikuwa wa kijivu.

Kisha kila alichofanya kikawa mkuki kwangu. Nikipika mchuzi wa samaki changu, anauonja, anauweka pembeni, anasema ulimi unamuwaka. Nikasema haya, kaanza kunisingizia pilipili mbele ya mume wangu. Nikapika bila ya pilipili, akasema unamuwaka vilevile, na Faki akanitazama kama nimemtilia mwenzangu makaa. Ikifika magharibi, jua likizama tu, humwoni Arafa akishuka ngazi peke yake. Anamngoja Faki, anamshika mkono, anashuka naye polepole, mguu kwa mguu, kama bibi harusi anapelekwa kwa wazee. Nikawa nasimama chini uani nasaga meno. Nikawa nasema, jitu lililokuwa likishuka ngazi hizi na kilo zake zote halikumshika mtu, leo kawa jani la mgomba ndo anataka kushikwa. Akaanza kujifunga kilemba cha hariri ndani ya nyumba, mchana kutwa, nami nikaona mitindo ya Ulaya hiyo, nikanunua kilemba na mie. Kumbe nywele zilikuwa zinamtoka, anazificha. Lakini mwenye wivu haoni kumbe, anaona yake tu.

Halafu likaja la udongo. Siku moja Bi Sheha, jirani yetu wa chini, mwanamke ambaye habari ikimfikia asubuhi basi adhuhuri imefika Mkokotoni na imerudi, alimwona Arafa Darajani ananunua udongo wa kula. Ule mwekundu, wa vipande, wanaonunua wenye mimba. Si kipande kimoja, kapu. Na kweli, nikichungulia chumbani kwake namkuta anautafuna kama mtu anakula biskuti, anafumba macho kwa utamu. Wewe umeshasikia wapi mke wa mtu anakula udongo bila ya mimba? Hakuna aliyeuliza. Mtaa mzima ulijua siku ileile. Vigelegele vikapanda kutoka chini mpaka kwenye dari zetu, na Arafa akainamisha uso, hakusema ndio, hakusema sio.

Faki akawa si Faki. Mtu aliyekuwa akirudi kutoka Michenzani kachoka, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, sasa anapitia kwa mchinja nyama kwanza, anagombea maini. Na mwaka ule maini kuyapata ilikuwa kama kupata dhahabu, lazima umjue mtu anayemjua mtu. Anapanda nayo kayakumbatia kama mtoto, anapita mbele ya mlango wangu, harufu yake inaingia kwangu, yenyewe yanakwenda mbele. Mayai, kwake. Maziwa ya ng'ombe, kwake. Maembe mabichi ya kukata na pilipili, kwake, na hata hakuyala, ulimi wake haukuyataka. Nami nnakaa na muhogo wangu mbele yangu, tunatazamana, mie na muhogo. Siku ya zamu yangu akaniambia kwa upole, Mwatima, mimba ni changa, ntakaa kule nimwangalie, wewe utafahamu. Nikafahamu. Nilifahamu mpaka nikavunja chungu.

Lakini mke mwenza ana jicho ambalo hata askari hana. Nyumba ile tulikuwa tukisali pamoja ukumbini, yeye msala wake na mie wangu. Nikaona msala wa Arafa umekunjwa juu ya kasha. Kesho yake umekunjwa. Kesho kutwa umekunjwa. Sasa mwanamke anayesali akiacha kusali siku kadhaa kisha akarudi, sisi wanawake tunajua maana yake, na maana yake si mimba. Moyo wangu ulicheza ngoma, ukacheza na beni. Nikasema leo ndo leo. Nikaingia kwake mchana, Faki yuko kazini. Nikamkuta kalala upande, kipande cha udongo mkononi, na vidole vya mkono ule vimejikunja vyenyewe kama makucha ya kuku, anavinyoosha kwa mkono wa pili.

"Dada Arafa," nikamwambia, "msala wako umekunjwa tangu Ijumaa."

Akaacha kutafuna. "Umeona."

"Mie kila chako nakiona. Kwani kazi yangu nyengine ni nini nyumba hii?"

Akasema taratibu, sauti yake haina nguvu ya kufika mlangoni. "Sina mimba, Mwatima. Nnajua kama unavyojua wewe. Lakini nikisema si mimba, wataniuliza ni nini. Ulimi unawaka, magharibi ikiingia sioni hata mkono wangu, nywele zote zinabaki kwenye chanuo, na huu udongo nikiukosa naona ntakufa. Mimba ina jina. Hii yangu haina jina. Wacha waite mimba mpaka nife."

Mtu mwema hapo angekaa kitako akamshika mkono. Mie nilichokisikia ni kuwa maini yote yale yamekwenda bure. Nikatupia buibui kichwani, nikashuka ngazi, nikenda mpaka Michenzani kwa miguu, na nilikwenda kwa kasi ambayo vumbi langu lilifika kesho yake. Faki alikuwa juu kabisa, anagongomea mbao za kumwagia zege. Nikamwita kutoka chini. Mafundi wote wakaacha nyundo, hata Mjerumani msimamizi, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa ni "haraka", akasimama kusikiliza.

"Mkeo hana mimba," nikamwambia.

Faki akashuka, uso umemwiva. Akasema kwa sauti ya chini kuwa anajua wivu wangu, mtaa unaujua, ng'ombe wa Maruhubi wanaujua, na kuwa niende nyumbani kabla hajanipa kilicho mdomoni mwake. Nilijua kilicho mdomoni mwake. Ni neno moja tu, likitoka nshaachika. Lakini wivu ulikuwa mbele na akili iko nyuma inahema.

"Mpeleke spitali wamtazame," nikasema. "Ikiwa ana mimba, sitaki zamu, sitaki chumba, nipeleke kwetu Mkokotoni nikaanike dagaa mpaka nife. Mafundi hawa wote mashahidi."

Nikaona wale mafundi wanatazamana. Mzee mmoja akamwambia Faki, mwanangu, mwanamke akiweka nyumba yake rehani namna hii, mpeleke tu. Basi ndo akampeleka. Kesho yake asubuhi tulikuwa sote watatu kwenye bao la kukalia la spitali, Arafa katikati kaegemea bega la Faki, nami pembeni kabisa, nnasali kwa Mungu asije akawa na mimba kweli. Ndo namna nilivyokuwa, nilimwombea mwenzangu asiwe nacho ninachokitaka mie.

Alikuwepo daktari mgeni na nesi wetu wa hapa hapa, Bi Rukia, mwanamke mrefu anayesema na watu kama anawagombeza na kumbe anawapenda. Bi Rukia akamvuta Arafa kope ya chini, akaitazama, akamwita daktari. Ndani ya kope kulikuwa kweupe kama tui. Wakamlaza, wakamfunua tumbo, daktari akaona ule mshono. Akauliza mambo kwa haraka, Bi Rukia akawa anageuza kwa Kiswahili: alikatwa wapi, lini, vidonge alipewa, viko wapi. Nikasema chupa iko nyumbani ina chumvi. Bi Rukia alinitazama, mwanangu, nikaona haya mpaka kwenye visigino.

Kisha akatukalisha akatueleza. Mimba hamna. Huyu utumbo wake ni mfupi sasa, chakula kinaingia na kutoka kama mgeni asiyevua viatu. Chuma cha kufanyia damu kinapita, vitamini za macho zinapita, za ulimi na nywele zinapita, chokaa ya mifupa na ya vidole inapita. Ndo maana giza likiingia haoni, ndo maana vidole vinajikunja, na ule weupe mnaousifia ni damu imekwisha. Na udongo, akasema, mtu aliyepungukiwa damu huutamani, awe ana mimba au hana. "Vile vidonge havikuwa dawa ya ugonjwa," akamwambia Arafa. "Vilikuwa ni chakula chako. Umekaa miezi yote hii huli, na sahani imejaa mbele yako."

Arafa akafunika uso na kilemba. Faki akatazama sakafu. Mie nilikuwa nimeshinda, nnalo jibu langu, sendi Mkokotoni, na sikuona pa kuushika ushindi wenyewe.

Daktari akasema damu imeshuka mno, moyo unachoka, atiwe damu leo leo, ndugu watoe. Faki akanyoosha mkono kabla ya kuulizwa. Wakampima, damu yake haikulingana. Alikasirika kama katukanwa ukoo. Ndugu mwengine wa Arafa hapa mjini hakuna. Bi Rukia akanitazama akauliza mie ni nani wa mgonjwa. Nikasema mke mwenzake. Akaondoa macho. Hapo nikaona uchungu, watu wote wamepimwa mie nimeachwa juu ya bao kama kapu la ndizi, nikasema nipimeni na mie. Wakanipima. Ikalingana kama kufuli na ufunguo wake.

Mie nikawa nahesabu moyoni: mume nshampa nusu, jiko nshampa nusu, upepo kachukua wote, sasa na damu? Ndipo Arafa, kalala pale, midomo imepauka, akafungua macho.

"Msimlazimishe," akasema. "Ingekuwa ni yeye, mie nisingempa."

Alivyokosea hapo. Mimi, mtu aniambie kuna jambo yeye asingeliweza kunifanyia, mie nisilifanye? Nikapandisha mkono wa gauni mpaka begani. "Mie si wewe, dada," nikamwambia. "Toeni. Na mtoe nyingi, asije akasema nimempunja."

Wakatoa. Wenyewe wanasema ni chupa moja, mie niliona debe. Ile chupa ya kioo ikatundikwa juu yake, damu yangu ikawa inashuka tone tone, nami nimelala kitanda cha pili nikiitazama, nikiona wivu hata na ule mpira inamopita. Alasiri midomo yake ikaanza kurudi rangi. Wakampa sindano, wakampa vidonge vya kila siku na mafuta ya samaki, na Bi Rukia akatufunza: maini, mayai, dagaa, mchicha, chungwa baada ya chakula, chai isinywewe pamoja na chakula, na kila mwezi arudi apimwe. Akatuapisha wote watatu. Nami nikajilaza wiki nzima nyumbani nikisema kizunguzungu, mpaka Faki akawa anapanda na maini mafungu mawili. Langu nilikuwa nalipima kwa macho na la mwenzangu. Yalikuwa sawasawa, nikakasirika vilevile, maana mtoa damu alikuwa ni mimi.

Akapona, Arafa. Ulimi ukatulia, akala mchuzi wangu akasema mzuri. Rangi yake ikarudi, na wanawake wa mtaa wakaanza kusikitika kuwa Bi Arafa kachujuka, uzuri wa Ulaya umemtoka. Magharibi akawa anashuka ngazi peke yake. Aliishi miaka mingi baada ya pale, hakunenepa tena sana wala hakukonda sana, na kila asubuhi ya Mungu akimeza vidonge vyake mbele yangu, maana nilikataa ameze nisipoona. Msichana wangu wa kahawa akaniuliza, basi bibi, nikakatwe au nisikatwe? Mie si daktari, skuli sikuiona hata mlango. Nikamwambia tu, kisu ni cha siku moja na vidonge ni vya umri. Kama huna subira ya kumeza kila siku na kupimwa damu unapoambiwa, baki na mwili wako, ni mzuri. Kama unayo, nenda, na tafuta mtu mwenye wivu akuangalie, maana anayekupenda anaona umependeza, mwenye wivu anaona msala umekunjwa.

Kilichobaki ni asubuhi moja, mwaka uleule unakwisha. Nilikuwa jikoni uani namenya muhogo, jana yake ilikuwa zamu yangu. Arafa akashuka, hakunisalimu, akachukua kisu akakaa kibao cha pili, akamenya na yeye. Anamenya kwa hasira, anatupa nyama ya muhogo na ganda pamoja. Kisha akaniuliza, bila ya kunitazama, jana tulikuwa tunacheka nini. Nikasema hatukucheka. Akasema mlicheka, nimesikia, na ulimpikia nini, harufu ilikuja mpaka kwangu.

Nikaacha kumenya nikamtazama. Mwanamke huyu miaka yote ile hakupata kuniuliza swali kama hilo, si mnene wala mwembamba. Alikuwa kanipita kama mtu anavyopita kiti.

"Mwatima," akasema, "damu yako hiyo ina kitu. Tangu nitiwe, siku za zamu yako silali. Nahesabu nyayo zake ukumbini, natega sikio. Sijapata kuwa hivi. Nifanye nini?"

Nikamsogezea kapu la muhogo, nikamwambia, "Menya tu, dada. Sasa ndo umeolewa."